Tuta Langu la Kwanza

Jumanne. Ukungu haujaondoka tangu juzi. Umekaa mlangoni kama mkwe anayesubiri kukaribishwa.

Ifahamike kwa daftari hili, na kwa yeyote atakayelifungua bila ruhusa, kwamba leo, nchi ikiwa huru na akili zangu zikiwa timamu, nimechimba tuta. Moja. Lina urefu wa hatua tisa.

Najua linavyosikika. Mimi ndiye niliyeyabomoa matuta ya zamani. Enzi za Mwingereza tuliamrishwa kuchimba matuta ya kukinga mteremko, na asiyechimba alitozwa faini au alilala ndani. Mimi na Shemdoe, mtoto wa baba mdogo, tukapanda shambani mchana kweupe tukayafumua yote. Hadi leo nikienda sokoni Lukozi kuna mtu atanionyesha kwa kidole: huyo ndiye mbomoa matuta. Sifa hiyo nimeila miaka yote. Maharage ninayokula yamepungua kila mwaka.

Kwa sababu udongo unashuka. Juzi jembe liligonga mwamba pale pale ambapo marehemu baba alikuwa akilima bila kusikia hata kokoto. Nikatazama bondeni, kwenye shamba la Shemdoe. Mahindi yake yamesimama kama askari wa gwaride. Yamesimama juu ya udongo wangu.

Basi nikachimba.

Shemdoe alifika hata jasho sijafuta. "Shikamoo kaka," akasema kwa adabu zote, mikono nyuma.

"Marahaba."

"Naona Mkoloni karudi. Mbona hakupiga hodi?"

Nikamweleza kwamba udongo unaondoka. "Hauondoki, kaka," akasema. "Unakuja kwangu. Sisi si ndugu? Ujamaa ndio huo. Sasa ukikinga huku juu, wanangu wale nini? Na watu watasemaje, tuta lirudishwe na wewe, wewe mwenyewe?"

Akaaga vizuri, akaondoka. Mimi hasira hadi sasa, hata maandishi yananielemea upande.

Watasemaje! Kumbe nilishinda mara moja, na tangu siku hiyo natakiwa nikae kimya kama picha ukutani, nizeeke nikiwa nimeshinda. Nilikataa kuamrishwa, na hilo nitalikataa hata kesho. Lakini mvua haikuwa ya Mwingereza. Yeye kaondoka, mvua imebaki, na hakuna aliyeniambia kwamba baada ya bendera kupanda kuna kazi nyingine. Au niliambiwa, nikawa bado nashangilia.

Hapa lazima niseme ukweli. Udongo huu nimeuona ukishuka miaka mingi. Kila masika mfereji unakuwa mwekundu, nami nasimama pembeni nautazama udongo kama wa mtu mwingine. Sikuogopa kazi. Niliogopa kuitwa mbomoa matuta aliyechimba tuta.

Sasa nimeitwa. Sijafa.

Jioni niliingia jikoni nikamhubiria mke wangu, Mama Zaina. Nilisema mtu hafiki, anaendelea tu kwenda. Nilisema aliyefanikiwa jana asipojifunza leo anakula jina lake mpaka liishe. Nilisema kesho naanza tuta la pili, kijiji kizima kicheke mpaka kichoke. Nadhani nilinyoosha na mkono.

Alikuwa anachambua maharage. Aliniacha nimalize.

"Vizuri, Baba Zaina," akasema, macho kwenye ungo. "Ukipata nafasi kaangalie la kwangu nyuma ya nyumba, uone linavyokaa. Yale mengine mlibomoa nyie. Lile sikuwaruhusu. Wewe si hulivuka kila asubuhi ukienda chooni?"

Nimekwenda kulipima. Hatua thelathini na moja.