Genereta ya Zahanati

Kibokoni, Mombasa
14 Novemba 1999

Kaka Khubaib,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama amemnunulia mkeo leso mbili Biashara Street, na ameng'ang'ania zambarau.

Umeme unakatwa kila siku kwa zamu. Serikali kuu ilitoa fedha ili mabaraza ya miji yajiandae, nasi tukapangiwa genereta mpya ya zahanati, kina mama wasizalie gizani. Ililetwa Alhamisi. Mimi ndiye karani wa stoo, kwa hivyo nikaikagua. Niliiegemea kidogo tu, buibui langu likatoka na rangi ya kijani. Chini ya rangi ile palikuwa na kutu, na fundi alipoivuta kamba haikuwaka.

Bwana Chonga, mkubwa wangu, akacheka. "Fairuz mwanangu, andika 'mpya', utie sahihi, twende zetu. Wewe karani au fundi?"

"Karani," nikamwambia, "ndiyo maana naandika nilichokiona."

Nikaandika katika kitabu cha mapokezi: kuukuu, imepakwa rangi, haiwaki. Kurasa zake zina nambari, hauchaniki hata mmoja bila kujulikana. Ijumaa nikaambiwa nisirudi kazini mpaka nikubali kubadilisha.

Najua utasema niwache kazi, unitumie tikiti nije Maskati. Ahsante, lakini usinunue. Kesho Jumatatu, saa mbili kamili, nitakuwa mlangoni pa stoo na buibui lilelile. Sijalifua.

Dadako asiyebadilisha,
Fairuz