Wajina Wako Hakuwa na Chango

Mama, shikamoo.

Kwa huzuni kubwa natangaza kwamba mbuzi yako ya kukunia nazi haipo tena duniani. Imepasuka katikati. Aliyekuwa ameikalia ni mimi, na mwili wangu unaujua. Zuhura mwanangu alicheka mpaka mtoto akaamka.

Naam, mtoto. Zuhura amejifungua binti, tukampa jina lako. Wajina wako ana kovu juu ya kitovu. Siku ya tisa alitapika kijani, tumbo likawa gumu. Akapelekwa hospitali, wakamkimbiza Dar. Walimnywesha dawa inayoonekana kwenye picha, wakaona imekwama. Kumbe utumbo wake haukujipanga sawasawa tangu alipokuwa tumboni mwa mamaye. Sasa ulikuwa umejisokota, hakipiti kitu. Wakampasua, wakaunyoosha, wakakata nyuzi za nyama zilizoubana. Daktari, binti mdogo tu, akaniambia, "Bibi, kichanga akitapika kijani hakandwi. Anakimbizwa." Mimi na mikono yangu uliyonirithisha, inayosifika Bagamoyo nzima kwa kukanda matumbo ya vichanga wenye chango, nikaitikia kama mtoto wa chekechea.

Hapo nikamkumbuka kaka Athumani, uliyemzika ana siku kumi. Ulinisimulia mara moja tu, ukichambua mchele: alitapika kijani, ukamkanda mpaka mwisho. Hukujua, Mama. Hukujua. Laiti ningekuwahi nikakwambia.

Wajina wako sasa ananyonya vizuri. Akijamba, nyumba nzima inasema Alhamdulillahi.

Pumzika, Mama. Migongo ya wazazi nitaendelea kuikanda, ila mtoto akitapika kijani nitambeba mwenyewe hospitali. Hiyo ni ahadi.

Lakini usinisifu kama majirani wanavyonisifu. Nimewaacha waamini kwamba mimi ndiye niliyegundua kuwa si chango. Kilichotokea ni hiki: niliyaona yale matapishi asubuhi, nikasema chango. Nikamkanda. Adhuhuri nikamkanda tena. Zuhura akasema, "Mama, tumpeleke." Nikamjibu arobaini haijaisha, mzazi havuki kizingiti. Akamnyakua mwanawe mikononi mwangu, mtoto anateleza kwa mafuta ya nazi, akatoka. Nami nikasimama mlangoni nikimwita mkaidi.

Wewe hukuwa na wa kukwambia, Mama. Mimi niliambiwa, nikamfokea.