Hisa za Kampuni ya Shemeji

Chumba cha mbele, nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu za mapenzi, ingawa leo zimechanganyika na kichefuchefu. Hujambo huko ugenini? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Huku tu wazima, ila goti langu la kushoto, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu.

Uliniomba niikague kampuni anayofanyia kazi shemeji yetu, mume wa dada yako wa katikati, kabla hujaweka kiinua mgongo chako chote kwenye hisa zake. Ulisema kwamba mtu aliyefunga nyaya za kompyuta miaka ishirini, kama mimi, hawezi kudanganywa. Basi nilikwenda Jumanne. Heri ungenituma kuzibua choo.

Ofisi ni nzuri, sina neno. Kuta za vioo, viti vya kuzunguka, mashine ya kahawa inayokoroma pembeni. Wanatengeneza programu ya kuunganisha kompyuta za ofisi zenye matawi, ili zifanye kazi kama ziko chumba kimoja. Niliijaribu kwa mkono wangu, na programu yenyewe si mbaya. Lakini meneja alipotaka kunichapishia taarifa, mtandao wao wenyewe uligoma, ikabidi katibu wake akimbizane na flashi hadi chumba cha pili. Nikanywa kahawa yao.

Halafu akanionyesha mchoro wa ukuaji. Wateja mia moja na arobaini mwaka juzi, mia nne sasa. Nikamuuliza swali moja tu: wangapi wameondoka? Akacheka. "Dada yangu, kwetu mteja haondoki."

Sikuridhika na jibu hilo. Niliomba orodha ya wateja, naye akanipa bila wasiwasi, maana alishanivika kilemba cha ukoka akadhani kimenienea. Siku mbili zilizofuata nikazunguka na goti langu. Kiwanda cha uchapaji kiliing'oa programu tangu mwaka jana, na bado kinahesabiwa. Duka la dawa lenye matawi matatu limeandikwa wateja watatu. Kinyozi mwenye kompyuta moja ya kupigia muziki aliniambia wauzaji walimwekea bure. "Walisema wanatafuta kutimiza idadi ya mwezi, nikawaonea huruma." Niambie, kompyuta moja inaunganishwa na nini? Na wembe?

Kumbe wauzaji hulipwa kwa kila jina jipya, mwenye jina awe analipa au halipi, awe yupo au hayupo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki chao ni kizuri, na bado wamekitembeza mpaka kimeoza.

Kama yangeishia hapo ningekuandikia huku nacheka. Ukurasa wa tisa wa orodha, katikati, nikakuta: "Cherehani ya Mama, kompyuta sita." Anwani ni ya nyumba hii ninamokuandikia. Mama yetu, tuliyemzika miaka minne iliyopita, aliyekuwa na cherehani moja ya miguu na aliyeogopa hata rimoti ya televisheni, ni mteja tangu Agosti. Aliyemwandikisha ni shemeji.

Nilimwita. Alikuja na dada yako, akaketi kwenye kochi, akala chakula changu. Hakukana. Alisema, "Shemeji, mwezi ule nilibakiza jina moja tu kutimiza idadi yangu. Na jina la mama linaaminika."

Linaaminika. Sikumtukana. Niliichukua sahani mbele yake kabla hajamaliza, nikaenda kuiosha. Dada yako alinifuata jikoni akalia, kwa kuwa hakujua. Usimlaumu yeye.

Sasa, ukaguzi uliouomba ni huu. Wateja wa kweli, kwa hesabu ya niliowatembelea na niliowapigia simu, hawafiki mia, nao wanapungua, kwa sababu mafundi wamegeuzwa wauzaji na programu ikiharibika hakuna wa kuja. Hisa wanakuuzia kwa bei ya kampuni yenye wateja mia nne. Usitume hata senti. Una watoto wawili shuleni na kazi imekwisha, na kiinua mgongo hakiji mara mbili.

Najua shemeji atakupigia wiki hii, kwa sauti ile ile ya asali. Atakuambia dada mkubwa ana wivu, hajui biashara. Usibishane naye. Muulize tu kompyuta sita za mama ziko chumba gani.

Nisalimie mkeo na watoto. Mjomba fundi saa anakusalimu sana, na shangazi pia, ambaye sijamwambia haya, na wewe usimwambie. Mola akuepushe na tamaa, na akuzidishie usingizi wa mtu asiyedaiwa na roho yake.

Ni mimi dada yako mkubwa nikupendaye, ambaye nikifa naomba nisiandikwe mteja wa mtu yeyote.