Karatasi ya Aprili Thelathini

Westminster, California
9 Mei 2011

Mpendwa Baba mkubwa Khiêm,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limepoa. Sisi huku wazima wa mwili tu. Nikipiga simu mnakata, ndiyo maana naandika.

Baba alifariki jana alfajiri. Aliomba jambo moja: jeneza lake lifunikwe bendera ya nchi yetu ya zamani, ya njano yenye mistari mitatu myekundu, kama mlivyowafunika askari wenzenu wote waliofia huku ugenini. Wewe ndiye mwenyekiti wa chama chao. Neno lako linatosha.

Najua bado mna kinyongo cha kalenda. Lakini nawe ulipewa moja dukani kwetu Mwaka Mpya ule, pamoja na mkate wa mchele wa kunata, ukaitundika jikoni. Ukachana karatasi moja kila asubuhi, Februari, Machi, kama kila Mvietnamu wa mtaa wa Bolsa. Nani alifunua mbele kusoma? Baba alizinunua kwa muuzaji wa jumla kwa sababu ya picha za maua. Hakujua zimechapwa na serikali ile ile tuliyoikimbia. Asubuhi ya Aprili thelathini, siku tunayoomboleza kupoteza nchi, kila jiko likasoma neno lile lile la washindi: Ukombozi. Mkatoka kwenye maombolezo mkaja moja kwa moja mpaka mlangoni kwetu.

"Thụy msaliti! Thụy kibaraka wa Hanoi!" Wiki baada ya wiki, mpaka duka likafungwa na kiharusi kikamwangusha. Ameshaadhibiwa. Mzikeni kama askari. Mazishi ni Jumamosi.

Mwanao,
Vi

*

Westminster
11 Mei 2011

Kwa Vi,

Salamu. Goti linauma, lakini natembea. Poleni sana kwa msiba, na mama yako mpe pole zangu.

Kamati imekaa. Jibu ni hapana.

Thụy hatukuzaliwa tumbo moja, lakini nilimjua kabla wewe hujazaliwa. Tulilala handaki moja, tukafungwa kambi moja. Mdogo wangu alifia kambini humo, na waliomuua waliuita mwaka ule mwaka wa ukombozi. Leo nimfunike kwa bendera yetu mtu aliyelitundika neno hilo kwenye majiko yetu? Unasema hakujua. Hakuwa na macho?

Ninyi mliozaliwa hapa mmeshiba baga, mnadhani nchi ni gwaride la sikukuu na ngoma ya simba. Hamjui bendera ina uzito gani. Siku utakapojua, hutaniuliza tena.

Baba yako mkubwa,
Khiêm

*

Westminster
15 Mei 2011

Bwana Khiêm,

Salamu sina.

Tumezika ubao mtupu, jeneza bila bendera. Mama alivua shali lake la njano amfunike mumewe, nikamzuia. Watu wako walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara na bendera zao, wanachungulia kama tutaiba moja. Sikutaka wacheke.

Unasema sijui uzito. Shuleni niliweka mkono kifuani kwa bendera moja, Jumapili nikasimama wima kwa nyingine. Niliimba wimbo wa nchi iliyokufa kabla mama hajanibeba tumboni, na sikuwahi kukosea hata neno. Wamarekani huniuliza natoka wapi hasa. Ninyi mnaniuliza niko upande wa nani. Nilikuwa upande wa mzee mmoja aliyeuza samaki wabichi na kuwagawia wateja kalenda za bure, nanyi mkamuua kwa vipaza sauti.

Basi nitajifunza uzito huo. Kalenda ya mwaka ule bado iko ukutani jikoni kwa mama, karatasi ya juu ni Aprili thelathini. Sitaichana mpaka nijue pa kuiweka.

Binti Thụy

*

San Jose
2 Februari 2024

Mwanangu Vi,

Salamu nyingi za Mwaka Mpya. Hujambo? Mama yako je, bado anapika ule mchuzi wake wa samaki? Mimi sijambo ya mdomoni tu. Ini limeisha. Daktari wangu, kijana wa Kihindi, anaongea nami kwa upole mpaka naogopa. Binti yangu ananiuguza huku, ila nikifa nitarudishwa Westminster nilale na wenzangu.

Nasikia sasa wewe ndiye unayeongoza kikosi cha kufunika majeneza kwa bendera misibani. Wanasema unapiga pasi glavu nyeupe kwa mkono wako, na wazee wakikosea hatua unawakemea kama makuruta. Safi! Nilipong'atuka nilidhani ninyi watoto mtauza kila kitu.

Sasa nisikilize. Mjukuu wangu Duy alikwenda kusoma Hanoi muhula mmoja. Timu yao ikashinda mpira, naye akaingia barabarani na umati, amevaa shati jekundu lenye nyota kama bendera yao, akapigwa picha. Bolsa nzima inayo kwenye simu. Tảo, mwenzetu wa chama, amesema mbele za watu: "Ukoo wa Khiêm umegeuka mwekundu. Jeneza lake lisiguswe." Jeneza langu mimi! Mtoto alishangilia mpira tu. Hakujua.

Niombee kwa kamati, Vi. Nisizikwe kama mbwa.

Kuhusu baba yako, yale yalikuwa mambo ya wakati wake. Yameshapita.

Baba yako mkubwa,
Khiêm

*

Westminster
19 Februari 2024

Mpendwa Baba mkubwa,

Shikamoo. Pole na maumivu. Mama hajambo, na mchuzi anapika bado.

Nilisimama mkutanoni. Mzee Tảo akafoka: "Wewe binti wa mwenye kalenda, leo unamtetea nani?" Nikamwambia, "Mtoto aliyevaa shati. Na wewe, babu, hiyo kofia yako ya jeshi imeshonwa wapi?" Akaivua, akatazama lebo ya ndani, akairudisha kichwani haraka. Walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. "China!" mmoja akapaza sauti nyuma. "Tảo kavaa China!"

Kura zimepita. Bendera utapata.

Naomba moja tu: sare nikuvishe mimi mwenyewe.

Mwanao,
Vi

*

San Jose
27 Februari 2024

Mwanangu,

Sijambo leo, kwa ajili yako. Binti yangu anashangaa nimemaliza uji.

Sasa umejua uzito wake. Wewe ni mtoto wa kweli wa nchi, kuliko wengi waliozaliwa kule. Nivishe. Kola ibane hata kama shingo imekonda. Na mifuko ya kifuani ifungwe vifungo. Sijawahi kusimama paredi na mfuko wazi, Thụy alikuwa akinicheka kwa hilo. Nikifika huko nitamwambia binti yake ndiye aliyenifunika.

Baba yako mkubwa,
Khiêm

*

Makaburini, Westminster
24 Machi 2024

Bwana Khiêm,

Salamu sina, na afya sikuulizi. Barua hii nitaichoma hapa kaburini, pamoja na suti ya karatasi na dola za karatasi walizokuletea wajukuu, ikufikie kwa njia yetu.

Mazishi yalikwenda vizuri. Hakuna aliyekosea hatua. Bendera ilipokunjwa nilimkabidhi Duy, akaninong'oneza, "Shangazi, sasa hii niiweke wapi? Bwenini kwetu?" Nikamwambia aiweke popote pasipo na unyevu. Yeye sina ugomvi naye.

Wapo walionisihi nikunyime. Ningekunyima, ungekufa shujaa aliyedhulumiwa, nami ningebaki nimefanana na wewe.

Asubuhi, kabla familia haijaingia kukuaga, tulikuwa wawili tu. Nilikuvisha. Kola ilibana. Nishani nilizinyoosha mstari mmoja. Kisha nikatoa ile karatasi ya kalenda. Imegeuka rangi ya chai, na pembeni ina doa la mchuzi wa samaki kutoka jikoni kwa mama. Sikuikunja. Niliiingiza mfuko wa kushoto, neno likitazama moyo wako, nikafunga kifungo kama ulivyoagiza.

Juu yako ikaja bendera ya njano. Tảo akapiga saluti. Tukaimba mpaka mwisho, na mimi, kama kawaida, sikukosea hata neno.

Baba atakuchungulia kifuani, maana alizoea kukucheka. Akikuuliza umebeba nini humo, mfungulie.

Binti Thụy