Msusi na bahasha ya damu

"Mwanangu haoi kwenye ukoo wa kisukari!"

Shoga, huyo ni msusi, mlangoni kwa jirani yake fundi cherehani, mtaa mzima umetoka nje. Na posa imeshapokelewa!

Chanzo ni wale watafiti waliotupima damu, kila mtu akaletewa majibu yake kwenye bahasha. Fundi aliandikiwa kwamba ukoo wake umerithi vinasaba vinavyoongeza hatari ya unene na kisukari. Basi kwa moyo wake mweupe akaenda kumwonyesha msusi, mkwe mwenzake, karatasi.

"Binti yako atanizalia wajukuu mapipa!" MAPIPA, shoga! Bibi harusi yuko dirishani, machozi yanamtiririka.

Fundi akauliza taratibu, "Na bahasha yako, dada, umeifungua?"

"Ya nini? Mimi mwembamba hivi!" Akaichomoa mkobani, akamtupia mwanawe. "Isome kwa sauti, wasikie!"

Bwana harusi akasoma. Akarudia. "Mama, vinasaba ni vilevile. Tena wewe hatari yako imezidi. Wameandika wembamba haufuti ulichorithi."



"Kwa hiyo na mimi nisiolewe na mtu... nisioe?" Kijana wa watu ulimi umemteleza kwa hasira!

Msusi akatafuta pa kuficha uso, hakupaona. Fundi akafungua mlango wote.

"Ingia tule, mkwe. Kwa kelele hizo, lazima una njaa."