Hewa ya Mkaa Kwenye Galaksi za Mbali

Mama Neema,

Mwanao amerudi likizo, naye amenitia hofu ambayo siwezi kumwambia mtu aliye hai. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mengi yamebadilika. Siku hizi sisi si watu wa Arusha tena, tuna mkoa wetu, Manyara. Lile shamba la ngano lililotuondoa kule uwandani Dirma na ng'ombe wetu, wanasema litauzwa kwa watu binafsi. Mimi bado nipo huku Mbulu, nyumba ileile. Madirisha sifungi, hata Julai. Majirani wananitania: "Mzee anafuga upepo."

Neema anapima gesi baridi kwenye galaksi za mbali, zile zinazozaa nyota kwa wingi. Nyota hutokana na gesi hiyo, lakini sehemu yake kubwa ni hidrojeni, na hidrojeni ikiwa baridi namna ile haionekani. Kwa hiyo wanatafuta gesi nyingine iliyochanganyika nayo kidogo, ambayo antena zao zinainasa. Nikamuuliza jina lake. Akatazama chini.

"Kaboni monoksaidi, baba."

Ile ya mkaa. Ile iliyokuchukua. Niliweka kikombe chini. Kumbe ipo hata huko.

Asubuhi ile naondoka kwenda mnadani, ulikuwa umeingiza jiko ndani na kufunga madirisha kwa ajili ya baridi. Ulisema, "Mkaa ukishakuwa mwekundu hauna moshi, hauna neno." Kule uwandani ilikuwa kweli. Nyumba ya miti na samadi ilipumua yenyewe. Hii ya saruji haipumui. Kipimo cha nyumbani tulikuja nacho ugenini, wote tukakiamini.

Nilimwambia Neema hivyo. Akasema hata yeye anaogopa. Gesi wanayoinasa wanaizidisha ili wakadirie hidrojeni wasiyoiona, na namba ya kuzidishia imetokana na galaksi yetu wenyewe. Huko mbali huenda haifai. "Naweza kusema gesi ni tele, baba, kumbe inakaribia kwisha."

Sasa ameitwa kwenye antena zenyewe, Ulaya, juu ya mlima wenye theluji. Huko watu hufunga milango. Anangoja neno langu, nami nimeshindwa kulitoa. Ni mtoto wetu mmoja tu. Kila penye baridi naliona lile jiko.

Leo asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Nilimwona kupitia dirisha. Alikuwa amelitoa jiko uani na kuliwashia huko, kajifunika shuka lako, anatetemeka huku akikoroga uji. Hakuna aliyemwambia. Hakujua kwamba namtazama.

Nikaona kuwa hofu yangu anayo tayari. Hana haja ya mimi kusimama mlangoni kumzuia.

Uji ukiiva nitamwambia aende. Nitaendelea kuogopa, hilo siwezi kukudanganya, lakini nakuahidi hataisikia hofu hiyo kinywani mwangu.

Lala, mama. Dirisha la chumba chako liko wazi.

Baba Neema