Springi ya Cherehani Ndani ya Kabureta

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia nikiwa na grisi kwenye kucha, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya kununua kitu ambacho sijui tena kama nina haki ya kukinunua. Mimi ni mjane wa miaka arobaini na minane, kazi yangu ni kutengeneza vyerehani, na marehemu mume wangu aliniachia watoto wawili ambao sasa ni wakubwa, na pikipiki moja kuukuu ya silinda moja ambayo hata kiwanda chake kilikwishafungwa, ikakaa stoo miaka sita injini imeganda kwa kutu, mpaka mwaka jana nilipoamua kuifufua, wifi yangu akasema nimeamua kuolewa na chuma, nikamjibu kwamba angalau chuma hakikoromi.

Anayenifundisha ni jirani yangu, Mzee Spana, fundi wa pikipiki aliyestaafu, rafiki wa mume wangu, naye ana pikipiki ya aina hiyohiyo, pacha wa yangu kabisa, na yeye na marehemu walikuwa wakitoka nazo kila Jumapili kama ndugu waliochangia ziwa. Mwanzoni tulifanya kazi pamoja barazani kwake, ananionyesha nami nafungua, halafu taratibu akaacha kushika spana kabisa, akawa anakaa tu kitini, mikono mfukoni mwa koti hata jua likiwa kali, ananielekeza kwa mdomo, fungua hiyo, si hiyo, ya chini yake, na chai ninayompelekea inapoa mezani bila kuguswa mpaka niondoke, nikadhani labda nimeanza kumchosha.

Tulipofungua injini tulikuta silinda imechimbika na pistoni imelika, na vipuri vipya vya pikipiki hiyo havipatikani popote, basi Mzee akanituma kwa muuza vyuma chakavu wa nyuma ya soko, akanitajia hadi siku ya kwenda, akanipa na onyo moja. "Usichukue pistoni peke yake, mwanangu," alisema. "Chukua na silinda yake. Vitu vilivyozeeka pamoja usivitenganishe." Nikaenda, nikavikuta vyote viwili vimeoshwa kwa mafuta ya taa na kufungwa kwenye kipande cha ovaroli, nikabishana bei kidogo tu muuzaji akakubali, nikarudi nyumbani najisifu. Mwezi uliofuata ikawa klachi, vilevile, Mzee anataja kipuri, anataja siku, nami nakikuta kinanisubiri, nikasema kweli Mungu hamtupi mja wake.

Wiki tatu zilizopita nilinunua kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, nikaiweka juu ya meza yangu ya kazi kuisafisha, nikatoa skrubu ndogo ya kupunguza na kuongeza mngurumo, na kwenye skrubu hiyo nikakuta springi ya cherehani. Mshauri, ni ile springi inayokaza uzi, imekatwa na kukunjwa ncha kwa koleo, na aliyeikata ni mimi mwenyewe, miaka minne iliyopita, pale springi ya kabureta ya Mzee ilipopotea mchangani nikamtengenezea hiyo, akacheka siku nzima akisema sasa pikipiki ikimharibikia njiani atashona nguo apate nauli. Hakuna kabureta nyingine duniani yenye springi hiyo.

Kesho yake alipokwenda kunyolewa nikaingia uani kwake kama mwizi, nikainua pembe ya turubai analofunikia pikipiki yake. Fremu ipo, tanki lipo, magurudumu yapo. Mahali pa injini pamewekwa ndoo iliyopinduliwa ili turubai lisibonyee.

Nililia palepale. Kumbe mzee wa watu ana dhiki, anauza pikipiki yake kipande kwa kipande kwa siri, na mimi ndiye ninayeitafuna, tena nilibishana bei kama ninanunua nyanya. Na hasira pia nilikuwa nazo, nisikufiche, kwa nini asiniambie, mimi si kama mwanawe? Tangu siku hiyo sijakanyaga kwake, nikitoka napitia njia ya nyuma. Juzi alimtuma jirani mwingine aniambie kwamba magneto, ile sumaku inayotoa cheche ya kuwashia, itakuwepo Jumamosi, na hicho ndicho kipuri cha mwisho. Nikiinunua, pikipiki ya mume wangu itanguruma na ya Mzee itakuwa imekufa mikononi mwangu. Nisipoinunua, nimemnyima mzee hela ya kula. Je, nimrudishie kila kitu? Nimpelekee bahasha? Au ninyamaze tu? Usingizi umenipaa.

Ni mimi, Mjane wa Vyerehani.

*

Dada yangu Mjane wa Vyerehani,

Pole. Pole kwa mume, na pole kwa wiki tatu hizi za kujihukumu bila kesi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natikisa kichwa, kwa sababu una macho ya kuona springi ndogo kama punje ya mchele, lakini mambo makubwa yamekupita ukiyaandika kwa mkono wako mwenyewe.

Nani alikutuma kwa muuza vyuma? Mzee. Nani alikutajia siku? Mzee. Mwenye dhiki humuuzia yeyote anayekuja na hela. Huyu alimuuzia mtu mmoja tu, akaviosha kwanza, akavifunga kwa ovaroli, bila shaka ile aliyoivaa kazini miaka yote. Na muuza vyuma chakavu anayekubali bei haraka sijamwona tangu nizaliwe. Huyo alikwishaambiwa la kufanya, na huenda ndiye aliyemsaidia kuvifungua. Dada, Mzee Spana anakupa pikipiki yake. Kama kuna hela kidogo inayomfikia, ni halali yake na wala isikukoseshe usingizi.

Utaniuliza kwa nini asikupe mkononi kama watu wengine. Mkononi ndipo penyewe. Koti kwenye jua kali, spana haguswi, chai inapoa mpaka uondoke: mikono ya mzee huyo inatetemeka, na hataki uione. Mjomba wangu alipoanza kupoteza macho alinunua gazeti kila asubuhi kwa miaka miwili, akifungua kurasa moja baada ya nyingine, sote tukidhani anasoma. Fundi hujulikana kwa mikono yake. Angekukabidhi silinda ile, ungemuuliza, na ya kwako je, Mzee? Hapo ingembidi aseme kwamba hapandi tena. Tena ungekataa kuipokea, unajijua.

Mimi sikuwepo, na penginepo nimekosea hapa na pale. Lakini kuna jambo sikosei, na hapa nitakugombeza. Wiki tatu? Mzee ametoa injini ya pikipiki yake kwa ajili yako, nawe unampitia njia ya nyuma? Unafikiri yeye anawaza nini kwenye kiti kile? Habari ya springi haijui. Anawaza kwamba uliiona mikono yake ukamkimbia.

Kwa hiyo usingoje Jumamosi. Nenda leo. Bahasha iache nyumbani, na habari za kurudisha vipuri zisitoke kinywani mwako, maana huko ni kumtupia mtu zawadi usoni. Peleka chai, kikombe kikubwa chenye mkono mpana, ukijaze nusu tu, na akikinyanyua wewe angalia injini. Weka kabureta mbele yake, skrubu imetolewa, springi inaonekana, kisha nyamaza. Najua kunyamaza si kipaji chako, barua yako ni shahidi, lakini hapo jikaze. Akianza mzaha wa kushona nguo, cheka naye na mambo yameisha. Akikaa kimya, mwambie hivi: "Mzee, siwezi kuipanga cheche ya injini hii bila sikio lako." Wala hutakuwa umemdanganya. Injini kuukuu hupangwa kwa kusikilizwa, na masikio yake hayana kasoro.

Akishazoea kuitoa mikono mfukoni mbele yako, mpeleke hospitali. Si kila mtetemeko ni uzee, mwingine una dawa, na wazee wengi wanateseka na kitu ambacho daktari angekipunguza. Usimwambie unamsindikiza, atakataa. Mwambie unaogopa kwenda peke yako kupima presha, na ukifika huko upime kweli.

Jumamosi kanunue magneto. Lipa bila kubishana, mwache muuzaji ashangae. Halafu injini uifungie barazani kwa Mzee, si kwako, mbele ya macho yake, kila nati aione ikiingia. Ulionywa tangu mwanzo kwamba vitu vilivyozeeka pamoja visitenganishwe, ukadhani unaambiwa habari ya pistoni peke yake. Pikipiki ya mumeo na ya rafiki yake sasa ni moja, na kama yupo mwenye haki ya kuipanda, ni wewe.

Siku ya kuwasha, piga kiki wewe, mpini wa kuongezea mafuta ashike yeye. Atakataa, atazika mikono mfukoni. Mwambie una mikono miwili tu na yote ina kazi. Ikishawaka, weka mkono wako juu ya wake pale kwenye mpini. Mashine ya silinda moja hutikisa kila anayeigusa, dada yangu, na mikono yenu itatetemeka pamoja, wala hakuna atakayejua mtetemeko upi ni wa nani.